Kabla ya Penseli

Mwaka wa shule nchini Tanzania huanza Januari, na kwa mtoto wa Nyanda za Juu Kusini huo ni mwezi mgumu. Mvua imeshika tangu mwishoni mwa mwaka. Njia za Rungwe ni utelezi mtupu, ukungu wa Mufindi haupandi juu ya mashamba ya chai hadi asubuhi ikomae, na mama ambaye angemshika mtoto mkono kumpeleka shule anaitwa na palizi ya mahindi. Ghalani, mavuno ya katikati ya mwaka uliopita yamepungua hadi sakafu inaonekana. Katika mwezi huo mtoto wa miaka mitano, ambaye hadi juzi dunia yake ilikuwa ua wa nyumbani na jiko la bibi, huvalishwa sare iliyoshonwa kubwa ili imfae miaka miwili, akapelekwa mahali penye watoto wengi kuliko watu wote anaowajua.

Anayempokea ni mwalimu wa awali. Nimewatazama walimu hawa kazini katika shule za vijijini Rungwe na Kilolo, na katika zile za pembezoni mwa jiji la Mbeya, na kila nilipowatazama nimezidi kuamini kwamba katika ualimu wote hakuna kazi inayodai ufundi kuliko hii. Mwalimu wa darasa la saba humfundisha mtoto aliyekwisha kuwa mwanafunzi. Wa awali hupokea mtoto wa mama fulani, na ndani ya mwaka mmoja humfanya mwanafunzi bila kumharibia alichokuja nacho. Akifanya vizuri, hakuna anayeona alichofanya. Mwakani mtoto atakaa darasa la kwanza, na watu watadhani alizaliwa anajua kukaa, kusikiliza na kungoja zamu.

Swali la nani yuko tayari kwa shule lina historia yake huku. Waliosoma kabla ya uhuru, na hata wengi wa kizazi cha Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ya 1977, walipimwa kwa mkono: pitisha mkono wa kulia juu ya utosi, shika sikio la kushoto. Likishikika, unaandikwa. Lisiposhikika, rudi nyumbani ukakue. Walimu wale hawakuwa wajinga. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha wachache, tarehe za kuzaliwa zilikumbukwa kwa mwaka wa njaa au wa mvua kubwa, na ni kweli kwamba mtoto akikaribia miaka sita au saba mikono yake huwa imerefuka vya kutosha kuvuka kichwa. Ila kipimo kile kilipima mifupa. Hakikupima akili, wala masikio, wala ujasiri. Na aliyedumaa alirudishwa nyumbani, naye ndiye ambaye mara nyingi shule ingemfaa zaidi.

Kudumaa si jambo dogo katika nchi hii ya mahindi na viazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 57 hivi, wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hakuna mkoa uliokuwa juu kuliko huo, na ni mkoa unaojaza maghala ya wengine! Sahani imejaa ugali, lakini pembeni yake pana kitu kile kile kila siku; na mama anayeshinda shambani tangu alfajiri hawezi kumlisha mtoto mdogo mara nne au tano kwa siku hata akitaka. Mtoto huyo akifika shule, mwalimu anapokea pia miaka mitano ya milo aliyoikosa.

Iringa yenyewe imewahi kuonyesha njia. Kati ya 1983 na 1988, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha huko mpango wa lishe ulioanza na vijiji 168. Kiini chake kilikuwa mizani na kikao cha wanakijiji wenyewe: pima watoto, jiulize kwa nini huyu hakui, amua la kufanya kwa uwezo uliopo, kisha pima tena. Vilianzishwa pia vituo vya kuwalisha na kuwaangalia watoto mama zao wakiwa shambani. Hakuna aliyeviita shule, lakini mtoto alizoea humo kukaa na wenzake, kunawa, kungoja kikombe chake kijazwe baada ya cha mwenzake. Ukiniuliza elimu ya awali ya mkoa ule ilianzia wapi, sitakuonyesha sera ya mwaka wowote. Nitakuonyesha mizani ile.

Siku hizi umri husomwa kwenye karatasi. Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza, mwaka 2013, ambako Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ilianza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo karibu na nyumbani, kwenye kata na vituo vya afya. Cheti kimemaliza ubishi wa umri. Ila hakisemi kama mtoto amekula leo, na hapo ndipo macho ya mwalimu huanza kazi.

Mtazame asubuhi. Kabla ya kuita majina hupita katikati yao akipokea shikamoo ya kila mmoja kwa mkono. Ni salamu, na ni uchunguzi. Mkono wa baridi kupita kiasi: huyu ametoka mbali na amelowa. Macho mazito yasiyomfuata mwalimu akisogea: huyu alilala bila kula. Asiyeitikia mpaka aguswe: huenda masikio yake yana shida, asikae nyuma. Yote hayo yamekwisha kusomwa kabla kengele haijapigwa, na mtoto anajua tu kwamba mwalimu amemsalimia. Uji ukiiva, ikiwa wazazi wa shule hiyo wamechanga unga, mwalimu anajua nani apewe kikombe cha kwanza, na humpa bila kusema kwa nini, ili asimwaibishe mbele ya wenzake.

Wiki ya kwanza haina herufi. Ina choo. Mtu mzima hawezi kukumbuka tena jinsi tundu la choo cha shule linavyomtisha mtoto wa miaka mitano: ni giza, ni refu, na miguu yake haifiki vizuri pande zote mbili. Asiyeonyeshwa atajizuia hadi saa sita, na mtoto anayejizuia hasikii neno lolote la mwalimu. Kwa hiyo mwalimu fundi huwapeleka wachache wachache, huwaonyesha pa kukanyaga, husimama nje mlango ukiwa wazi nusu, akiongea nao muda wote ili wasikie kwamba yupo. Wakitoka wanakwenda kwenye kibuyu chirizi, lile dumu lililotobolewa na kutundikwa, lenye kamba na kijiti cha kukanyaga. Maji yanayotoka kwa kukanyaga chini huwafurahisha mno, na kwa furaha hiyo desturi ya kunawa huwaingia bila hotuba.

Na kuna kilio. Nimeona watu wakimnyamazisha mtoto kwa fimbo, kwa peremende, kwa kumtisha na polisi. Mwalimu ninayemsifu hapa hamwambii mtoto anyamaze. Humpa kazi. Humkabidhi bakuli la visoda amshikie, kwa kuwa ana mambo mengi mikononi, kisha anaendelea na darasa. Mtoto amesimama na bakuli la watu, analia huku analilinda, na taratibu ulinzi unakizidi kilio. Mama naye hufundishwa. Haruhusiwi kutoroka mtoto akiangalia pembeni. Lazima aage, aseme atarudi lini kwa alama ambayo mtoto anaifahamu, yaani baada ya uji na nyimbo, na aondoke akionekana. Mtoto aliyetorokwa mara moja huketi wiki nzima akilinda mlango.

Kisha kuna lugha. Katika shule za serikali mafunzo ya awali ni kwa Kiswahili, na mjini Mbeya au Iringa watoto wengi wanakuja nacho kutoka nyumbani. Ukipanda milimani au ukishuka mabondeni mambo hubadilika. Mtoto wa Rungwe au Kyela huenda amelelewa kwa Kinyakyusa, wa milima inayolizunguka jiji la Mbeya kwa Kisafwa, wa Mbarali kwa Kisangu, wa Kilolo kwa Kihehe. Mwalimu anayejua kazi yake hujifunza salamu kwanza. Akisema ugonile, au kule Iringa kamwene, mabega ya mtoto hushuka. Kisha Kiswahili huja na mwili: hasemi kaeni bila yeye mwenyewe kukaa, hasemi funga mlango bila mkono wake kuuelekea mlango. Nimemwona mwalimu asiye Mhehe akimwazima binti wa darasa la tano dakika chache kila asubuhi, asimame naye mbele na kusema kwa Kihehe kile ambacho mwalimu amekwisha sema kwa Kiswahili. Binti yule aliitumikia kazi hiyo kwa fahari kubwa. Wiki zilipopita mwalimu alianza kumwita mara chache, na mwishowe hakumwita tena.

Hata r na l, ambazo hugongana vinywani mwa watu wengi wa huku, hazirekebishwi kwa kumkatiza mtoto. Mtoto akisema, "Mwarimu, nimereta maji," hujibiwa, "Umeleta maji? Ahsante sana, mwanangu." Neno limepita sikioni likiwa sahihi, na mtoto ameshukuriwa. Kesho ataleta maji tena.

Jamii za huku zilikuwa na fikra zao kuhusu nani humfunza mtoto. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu *Good Company*, kinachoeleza vijiji vya rika: wavulana walichunga ng'ombe wa baba zao tangu wakiwa na miaka sita hivi, na walipofika kumi au kumi na mmoja walianza kujenga vibanda vyao na kuishi pamoja. Kinachonigusa ni imani iliyoibeba desturi hiyo, kwamba adabu, ufasaha na busara mtu huvipata kwa kukaa na wa rika lake, akizungumza na kula nao. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, na hilo pekee linatosha nisitamani desturi ile irudi. Lakini wazo lenyewe lina uzito. Darasa la awali ndilo baraza la kwanza la rika ambamo mtoto wa leo, wa kike kwa wa kiume, hukaa. Mwalimu mzuri hulitumia. Watoto wawili wakigombania kijiti, hakimbilii kuamua. Hukaa chini karibu nao, akawauliza kila mmoja aseme mwenzake anataka nini. Hilo huchukua muda mrefu. Anaungoja.

Sasa mikono, ambako ufundi huu hunivutia kuliko pengine pote. Mzazi humleta mtoto na penseli mpya na daftari kubwa, akitarajia herufi kabla ya mwisho wa wiki. Mwalimu hukusanya penseli zote, akaziweka kwenye boksi juu ya kabati, na kutoa magunzi, mbegu na udongo. Ana sababu. Mtoto wa umri huo huchora kwa bega: akizungusha duara, mkono mzima huzunguka. Penseli inadai vidole vitatu vifanye kazi peke yake, na vidole hivyo bado havina nguvu. Nguvu hiyo nyumba za huku zinayo bure. Mtoto anayepukuchua mahindi kwa dole gumba, anayemenya maharage, anayechambua mchele wa Kyela punje kwa punje, anafanya mazoezi ya kuandika ambayo hakuna kitabu kitakachomzidi. Mwalimu huyaleta darasani na kuyapa utaratibu.

Huanza na udongo wa bondeni, ambao watoto huuviringisha uwe mrefu, kisha huukunja kufuata umbo ambalo kesho litaitwa herufi. Hufuata kuandika hewani kwa mkono mzima, wote kwa pamoja, wakisema wanachofanya: shuka, zunguka, panda. Kisha chini, kwa kijiti, na hapa Januari yenye matope hugeuka rafiki kwa sababu ardhi laini hushika mstari. Kisha hupanga watoto wawili wawili, mmoja aandike kwa kidole mgongoni mwa mwenzake, naye mwenye mgongo abashiri ni umbo gani. Kwa nini mgongoni? Kwa sababu macho yamenyang'anywa kazi, na mtoto analazimika kuujua mwendo wa herufi, si sura yake tu. Ndipo chaki. Na chaki hiyo huivunja vipande vifupi kwa makusudi: kipande kirefu mtoto hukishika kwa ngumi, kifupi hakishikiki ila kwa ncha za vidole. Mtu akipita dirishani atadhani shule ina uhaba wa chaki. Mle ndani hakuna uhaba, kuna mtu aliyefikiri.

Penseli hushuka kutoka juu ya kabati kwa mtoto mmoja mmoja, si kwa darasa zima siku moja. Wanawake wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafiri mbali sana na ziwa, hawapeleki chungu motoni siku kilipofinyangwa. Hukiacha kikauke kwanza, na chenye kingo nene hukiacha zaidi. Mwalimu wa awali naye hujua ni nani aliyekauka Machi na ni nani wa Agosti, na hamwonei haya wa Agosti.

Hesabu zina subira yake. Mtoto hufika akiimba moja hadi kumi, wengine hadi ishirini, na wazazi husema anajua kuhesabu. Mwalimu humwekea visoda saba na kukitazama kidole. Mdomo umefika tisa, kidole bado kiko kwenye cha tano. Wimbo una mwendo wake na kidole kina wake. Dawa yake ni makopo mawili. Kila kisoda hutolewa kopo hili na kudondoshwa katika lile, na namba haitamkwi mpaka bati lilie. Mlio ndio unaowafunga mdomo na mkono pamoja. Ukisimama nje ya darasa la awali linalofanya hivyo utasikia mwanzoni vurugu, kisha, siku kadhaa baadaye, utasikia watoto wakipunguza mwendo wenyewe.

Baada ya hapo kuna mlango mwingine, mdogo na mgumu. Mtoto amehesabu vizuri: saba. Muulize ni vingapi, ataanza tena moja, mbili, tatu. Muulize tena, ataanza tena. Hajajua bado kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu la vyote, na hilo halimwingii kwa kuambiwa. Mwalimu mmoja wa Rungwe nilimwona akilifanya hivi: kisoda cha mwisho kilipodondoka, alifunika kopo kwa kiganja na kuuliza, vingapi humu? Mtoto hakuweza kuhesabu tena kwa kuwa hakuviona. Alilitazama kopo, akamtazama mwalimu. Mwalimu hakumsaidia. Darasa lilikuwa na kelele za vikundi vingine, na yeye alikaa amechuchumaa na kiganja juu ya bati, uso mtulivu, bila dalili ya haraka. Siku ile mtoto hakujibu. Mwalimu aliondoa kiganja, akamshukuru, wakaenda kwenye mdako. Mdako wenyewe ni hesabu: kete juu, kokoto chini, mbili nje, moja ndani, na hakuna mtoto wa huku anayehitaji kushawishiwa kuucheza.

Kwa upande wa kusoma, mwalimu wa awali hufanya kazi ya masikio kabla ya kazi ya macho. Mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, waliyopewa walimu tangu katikati ya muongo uliopita yalisisitiza sauti ya herufi kabla ya jina lake, na awali ndipo sauti huandaliwa. Watoto hupiga makofi maneno: u-ga-li, makofi matatu; ma-ha-ra-ge, manne; jina la kila mmoja, Tu-ma-i-ni. Kiswahili kinawapa zawadi hapa kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu na husikika waziwazi. Kisha mwalimu huingiza m-to-to. Wengi hupiga mawili. Ile m iliyosimama peke yake mwanzoni haina irabu ya kuishikia, na mtoto huimeza. Ndiyo sababu anapofundisha sauti ya kwanza kwa mfuko wa vitu, ambamo mtoto hupapasa na kutoa kitu kinachoanza na sauti iliyotajwa, hatii humo mchi wala mti. Hutia maharage, maji ndani ya chupa, mahindi. Mchi utakuja baadaye. Uteuzi wa namna hii hufanyika jioni, nyumbani kwake, na hakuna mkaguzi atakayeuandika popote.

Haya yote hufanyika katika vyumba vilivyojaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliiweka elimu ya awali ndani ya elimumsingi ya lazima, na ada na michango ya lazima ilipofutwa kuanzia Januari 2016, idadi ya watoto wa awali nchini iliruka kutoka milioni moja hivi hadi zaidi ya milioni moja na nusu katika mwaka mmoja. Ilikuwa habari njema, na naiheshimu hivyo. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ukweli wa shule nyingi ni mara tatu au nne ya hapo, na chumba cha awali mara nyingi ndicho kilichobaki baada ya madarasa mengine kupata vyao. Shule shikizi zilizojengwa karibu na vitongoji zimewafupishia wadogo safari, na hilo limesaidia sana milimani. Lakini katika shule nyingi bado nasikia mwalimu mkuu akimpangia awali mwalimu aliyechoka, au anayesubiri kustaafu, au aliyekosana na wenzake. Ni kosa kubwa. Mahali panapotaka mikono bora pasifanywe mahali pa kupumzishia.

Mwalimu mwenye watoto themanini huugawa umati. Vikundi hupewa majina ya matunda ya huku, parachichi, ndizi, pasheni, na kila kikundi kina kona yake: ya duka lenye pakiti tupu za chumvi na sabuni, ya kujenga kwa vibao, ya vitabu, ya udongo. Taasisi ya Elimu huziita kona za ujifunzaji, na kwenye karatasi zinaonekana rahisi. Kuziendesha ni kujua, ukiwa umeupa mgongo ukuta wa duka, kwamba kule kwenye udongo pamekuwa kimya kupita kawaida.

Mjini tatizo ni jingine. Katika mitaa ya Mbeya na Iringa nimewaona watoto wa miaka minne wenye mabegi mazito na kazi za nyumbani za kunakili kurasa mbili, kwa kuwa mzazi hupima ada aliyolipa kwa alama za vema daftarini, na shule nyingine humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Mtoto hujifunza kunakili mapema, na hujifunza mapema vilevile kuogopa kukosea. Siwalaumu wazazi kwa kutaka mema. Nawasihi wakae asubuhi moja katika darasa la awali linaloendeshwa vizuri, watazame kile kinachoitwa kucheza, wahesabu maamuzi ambayo mtoto hufanya akijenga ukuta wa vibao.

Novemba hufika. Awali haina mtihani. Mwalimu hutunza kumbukumbu za maendeleo ya kila mtoto, alizoandika kwa kumtazama akifanya kazi. Wazazi wakikutana, huwaomba mambo ya likizo: mtoto avae viatu mwenyewe hata akichelewa, alete sahani kwa kuhesabu watu waliopo, aachwe amalize hadithi yake bila kukatizwa. Baba mmoja atauliza kuhusu daftari la mazoezi. Huelezwa kuhusu kupukuchua mahindi, kwa heshima, na huelezwa tena.

Wiki hizo hizo huwapeleka watoto kumi kumi kwenye chumba cha darasa la kwanza wakae kwenye madawati kipindi kimoja, wamwone mwalimu atakayewapokea, waulize choo chao kitakuwa kipi. Wakisha kurudi, walimu wawili hukaa pamoja na orodha ya majina. Huyu anatumia mkono wa kushoto, usimbadilishe. Huyu haoni ubao akikaa nyuma. Huyu hukaa na bibi yake, na bibi hasomi, barua ipelekwe kwa mdomo. Huyu haongei mbele ya watu, lakini muulize pembeni, anajua. Huyu kopo likifunikwa bado anataka kulifunua, mpe muda hadi Machi. Mwalimu wa darasa la kwanza huuliza maswali machache, hasa kuhusu asiyeongea, huandika pembeni ya jina lake, na wanaendelea na jina linalofuata.